Ramani ya makazi ya watawa wa Kibudha: ni jambo gani nisilolijua?

Mchoraji wa Kibaha:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mchora ramani na msimamizi wa ujenzi, na kwa miaka 16 nimeshughulika na nyumba za kuishi, madarasa na majengo madogo ya makanisa na misikiti katika mikoa ya Dar es Salaam na Pwani. Mwezi uliopita familia moja yenye asili ya Sri Lanka, inayotaka kutoa sadaka ya makazi mapya kwa watawa watano wa Kibudha wa madhehebu ya Theravada, ilinikabidhi kazi ya kuchora na kusimamia. Kiwanja ni cha ekari mbili na nusu, upande wa Bagamoyo. Kina miembe, mikorosho, na mkuyu mmoja mkubwa sana karibu na mpaka wa mashariki.

Nilichora kama nilivyozoea: nyumba moja nzuri yenye vyumba sita pande mbili za korido, kila chumba kikiwa masta, sebule mbele, jiko na stoo katikati ili chakula kisibebwe mbali, chumba cha wageni mwishoni, na ofisi ndogo yenye mlango wa mbao ambamo kiongozi wao angeonana na waumini kwa faragha. Kiongozi huyo aliikagua karatasi baada ya karatasi, kwa utulivu na kwa heshima, kisha akasema kupitia kwa mkalimani kwamba nyumba ni nzuri lakini watawa hawataweza kulala ndani yake. Mkalimani alikuwa kijana wa familia asiyezifahamu vyema taratibu zao, kwa hiyo sikupata maelezo zaidi.

Yapo pia mambo mengine yaliyonitatiza. Tulipokuwa kiwanjani nilimwuliza kama mwembe uliosimama katikati ya eneo la msingi ukatwe au uachwe. Aliutazama kwa muda, akasema, "Lifahamu hili," akanyamaza, nami nikabaki nimeshika mfuko wa chokaa bila kujua niweke alama wapi. Nilipompa mchanganuo wa gharama ili atie saini, aliurudisha akaniomba nisizungumze naye habari za fedha. Siku iliyofuata alikuja na wenzake wote wanne, wakatembea kiwanja kizima kwa miguu wakitazama chini, na mmoja wao akauliza kama mkokoteni wa ng'ombe utaweza kuzunguka kila jengo, ilhali hakuna aliyetaja ng'ombe wala mkokoteni tangu tuanze.

Kazi hii naipenda, na sitaki kuifanya kwa kubahatisha. Mwenye kujua naomba anieleze makazi ya watawa hawa yanatofautiana vipi na nyumba yenye vyumba vingi, na mteja wangu hasa ni nani: familia, kiongozi wa watawa, au mtu mwingine?

Mlei wa Dar:

Ndugu Mchoraji, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuchimba. Mimi ni mlei, yaani muumini asiye mtawa, na kwa miaka mingi nimehudumu katika hekalu la Wabudha la Dar es Salaam, lile lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo maswali yako nimewahi kukutana nayo karibu yote. Karibu kila kitu kilichokushangaza kinatokana na Vinaya, yaani kanuni za nidhamu za watawa. Mtawa mwenye daraja kamili wa Theravada hushika kanuni 227, na nyingi kati ya hizo zinagusa mahali anapolala, anapokula na anapozungumza na watu. Mchora ramani asiyezijua atachora nyumba ambayo mkaaji wake atalazimika kuvunja kanuni kila usiku.

Tuanze na kulala, kwa kuwa hapo ndipo ramani yako ilipokwama. Mtawa haruhusiwi kulala chini ya paa moja na ndani ya kuta zilezile na mtu asiye na daraja kamili kwa zaidi ya usiku 3 mfululizo, na akiwa mwanamke, hata usiku mmoja hauruhusiwi. Wafafanuzi wa Vinaya wanaeleza kwamba vyumba vinavyotumia mlango mmoja wa kuingilia huhesabiwa kuwa malazi mamoja. Korido yako, pamoja na chumba cha wageni mwishoni, ilikuwa imewaweka mlinzi, mgeni wa kike na watawa katika malazi mamoja. Ndiyo maana utaona mara nyingi wanapendelea vijumba vilivyotengana, kila kimoja na mlango unaofunguka moja kwa moja nje. Kijumba hicho kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, huitwa kuti, na ukisikia wanahitaji kuti tano usidhani ni makuti ya mnazi ya kuezekea. Maneno yamefanana kwa sadfa tu. Wageni wajengewe jengo lao, mbali kiasi.

Ofisi yenye mlango wa mbao nayo iondoe. Mtawa hapaswi kukaa faraghani na mwanamke peke yao, hata kama wanazungumzia mafundisho, na mlango uliofungwa unamweka katika shaka hata asipokuwa na kosa. Hapa sisi watu wa pwani tunalo jibu tulilorithi kwa wazee wetu: mchoree baraza. Baraza pana lenye kivuli, lililo wazi upande wa njia, ambapo kila apitaye anaona nani amekaa na nani, litamfaa kuliko ofisi yoyote.

Jiko na stoo visiwe ndani ya jengo wanamolala. Chakula kilichohifadhiwa au kupikwa ndani ya makazi ya watawa hakiwafai kula, na kwa sababu hiyo Vinaya inaruhusu litengwe jengo maalumu la kuhifadhia vyakula, ambalo ndilo jiko la walei kwa lugha yetu. Watawa hula kabla ya adhuhuri tu, na hula kile walichopewa mkononi siku hiyo, kwa hiyo kinachohitajika ni jiko la walei lenye nafasi ya kutosha na ukumbi wa kulia ulio karibu nalo, wala hakuna sababu ya kulisogeza jiko kwenye vyumba vya kulala.

Kuhusu mwembe, hakukudharau na hakukasirika. Mtawa haruhusiwi kuchimba ardhi wala kukata mmea, na haruhusiwi kumwagiza mtu mwingine waziwazi akisema "kata huu" au "chimba hapa". Vinaya imempa maneno ya kutumia badala yake: lifahamu hili, toa hili, leta hili, hili linahitajika, lifanye hili liruhusike. Aliposema "lifahamu hili" alikuwa amekuachia wewe na walei muamue na kutenda. Nakushauri kila unapokwenda kiwanjani uwe na mlei anayezijua kanuni, umwulize yeye.

Ule ukaguzi wa kiwanja na swali la mkokoteni ni la zamani sana, na kwa kweli ndilo lililonifanya nifurahi niliposoma habari yako, maana linaonyesha kwamba watawa hawa ni makini. Kanuni inasema mahali pa kujenga lazima pakaguliwe na jumuiya ya watawa, pasiwe makao ya viumbe kama vile chungu, mchwa na nyoka, wala pa hatari, na pawe na nafasi kuzunguka jengo, kiasi ambacho mkokoteni uliofungwa ng'ombe au mtu mwenye ngazi anaweza kupita pande zote. Kanuni hii ilitokana na visa viwili vya enzi za Budha huko India. Katika mji wa Alavi watawa walijijengea vibanda bila mfadhili, wakawa wanaomba kupita kiasi: nipeni mtu wa kazi, nipeni ng'ombe, nipeni shoka, nipeni nyasi, hata watu wakawa wanakimbia wakiwaona, na wengine wakakimbia walipoona ng'ombe kwa mbali wakidhani ni watawa. Hapo Budha aliweka kipimo kwa kibanda ambacho mtawa anajijengea mwenyewe kwa vitu vya kuomba: shibiri 12 kwa 7 kwa ndani. Shibiri hiyo inakadiriwa kwa njia mbalimbali. Kwa hesabu moja inayotumika, ya sentimita 25, ni mita 3 kwa mita 1.75. Kwa kuwa ninyi mna mfadhili, kipimo hicho hakiwabani, lakini ukaguzi wa kiwanja unabaki palepale.

Kisa cha pili kitakuhusu zaidi. Mtawa aitwaye Channa, huko Kosambi, alipewa mfadhili wa kumjengea makazi, na katika kusafisha kiwanja akaukatisha mti ambao watu wa kijiji na mji waliuheshimu kwa ibada. Watu walilalamika sana. Umesema kuna mkuyu mkubwa mpakani. Kabla hujaugusa hata tawi lake, nenda kwa majirani na wazee wa kijiji ukaulize kama kuna wanaoutambikia au kuuheshimu.

Na kuhusu fedha, mtawa hapokei fedha wala hafanyi biashara, hivyo saini yake hutaipata. Anayeshughulikia malipo ni msimamizi mlei, na mtawa anaruhusiwa kumkumbusha kuhusu jambo lililoahidiwa mara 3 kwa maneno na mara 6 kwa kusimama kimya mbele yake, si zaidi. Basi umtafute huyo msimamizi, na uzungumze naye kwa maandishi.

Fundi Mstaafu, Tanga:

Mlei wa Dar amemaliza upande wa kanuni, nami niongeze la ufundi, hasa mchwa. Upande wa Bagamoyo mchwa ni tatizo la kweli, na desturi yetu ni kumwaga dawa ya sumu kwenye msingi kabla ya kumwaga jamvi. Watawa hawa hawaui kiumbe kwa makusudi, na sidhani ni adabu kuwaweka katika hali ya kuishi juu ya sumu ambayo wao wasingeiagiza. Zuia kwa ujenzi wenyewe. Inua kila kijumba juu ya nguzo fupi za zege, angalau nusu mita kutoka ardhini, na juu ya kila nguzo weka kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini, ili mchwa akipanda alazimike kujenga njia yake mahali panapoonekana, mlei apite na ufagio aiondoe mapema. Mbao yoyote isiguse udongo, hata ngazi. Kidato cha kwanza kiwe cha zege. Kuinua jengo kutakupa pia hewa chini ya sakafu, jambo ambalo mwezi wa Februari utalishukuru.

Usiezeke kwa bati jembamba la geji 30, kwa sababu upepo wa chumvi utalila mapema, na mvua ya masika juu yake hufanya kelele ambayo mtu anayetafakari hataivumilia. Weka dari, acha matundu ya hewa juu ya ukuta pande mbili zinazokabiliana, na kila tundu na kila dirisha livishwe wavu wa mbu. Mtawa asiyeua mbu anaulilia wavu kuliko wewe na mimi.

Mpwani wa Hertfordshire:

Nimezaliwa Mombasa na sasa naishi Uingereza, si mbali na monasteri ya Amaravati, ambako huwa nakwenda kusaidia kazi za mikono. Nataka kumwonyesha ndugu Mchoraji linalotokea jumuiya inapoingia katika majengo ambayo hayakujengwa kwa ajili yake. Amaravati ilianzishwa mwaka 1984 chini ya Ajahn Sumedho, Mmarekani aliyekuwa mwanafunzi wa Ajahn Chah wa Thailand, na majengo yake yalikuwa mabanda ya mbao yaliyojengwa mwaka 1939 kuwa kambi, na baadaye yakatumiwa kama shule. Mabanda hayo ni marefu, yamepangwa kwa safu, na yalikusudiwa kulaza watoto wengi kwa pamoja. Jumuiya ina watawa wa kiume, watawa wa kike, na walei wanaokuja kutafakari, kwa hiyo kutenganisha malazi ni kazi ya kila siku. Hekalu lao jipya lilifunguliwa mwaka 1999, lakini kuyabadilisha makazi ni kazi ya miaka na miaka, kwa kuwa huwezi kubomoa banda ambalo watu wanalala ndani yake. Ukigusa ubao wa ukuta mwezi wa Januari utahisi baridi ya nje kwenye kiganja chako. Jenga kwa awamu, ndugu yangu, na panga tangu leo kijumba cha sita na cha saba vitakaa wapi, hata kama fedha zake hazijapatikana.

Jambo la pili ni njia ya kutembea. Katika monasteri za msituni za ukoo huu, kwa mfano Wat Pa Nanachat, ambayo Ajahn Chah aliianzisha mwaka 1975 kwa ajili ya watawa wa kigeni, kila kuti ina njia yake iliyonyooka na tambarare, mara nyingi ya hatua kama 20 hadi 30, ambamo mtawa hutembea huku na huko akitafakari. Iwe kivulini. Miembe yako uliyoona inakuzuia ndiyo itakayozifaa njia hizo.

Mkaazi wa Entebbe:

Mimi nitasema jambo moja tu, la kalenda. Hapa kwetu kipo kituo cha Wabudha cha Garuga, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhikkhu Buddharakkhita, Mganda mwenzetu, na hapo ndipo nilipojifunza habari za Vassa. Kila mwaka, kuanzia siku inayofuata mwezi mpevu wa Julai, kwa kawaida watawa hukaa mahali pamoja kwa miezi 3, na wakiwa na dharura halali huruhusiwa kutoka kwa muda usiozidi siku 7. Malazi ya Vassa lazima yawe malazi ya kweli: Vinaya inakataza kukaa Vassa ndani ya pango la mti, kwenye panda ya mti, uwanjani, chini ya mwavuli, au ndani ya mtungi. Desturi hiyo ilifuata mvua za India, lakini kwenu pwani miezi hiyo ni ya ukavu, yaani ndiyo miezi ambayo fundi anataka kujenga. Kwa hiyo ama uwe umekamilisha vijumba viwili au vitatu vyenye paa na mlango kabla ya Julai, nao waingie, ama mkubaliane kwamba Vassa ya mwaka huu wataikalia walipo sasa, na wewe upige nyundo hadi Oktoba bila kumsumbua mtu.

Mchoraji wa Kibaha:

Nawashukuru kwa moyo wangu wote, na wewe Fundi Mstaafu, shikamoo. Nimechora upya. Sasa kuna kuti tano za mita 3 kwa mita 4, kila moja juu ya nguzo, na mlango wake, kibaraza chake na choo kidogo kilichotenganishwa nayo kwa njia ya hatua chache. Kati ya kuti na kuti nimeacha mita 25, na njia za kutembea nimezipitisha chini ya miembe, kwa hiyo ule wa katikati hautakatwa. Jiko, stoo na ukumbi wa kulia viko karibu na lango, pamoja na jengo la wageni lenye pande mbili, la wanaume na la wanawake. Baraza la kupokea watu liko katikati ya njia kuu. Kuhusu mkuyu, nilikwenda kwa wazee wa kijiji kama nilivyoshauriwa, na bibi mmoja akanionyesha mahali kwenye mizizi ambapo hadi leo huwekwa kikombe cha maji na kitambaa cheupe. Nimesogeza uzio mita 8 ndani ili mti ubaki nje na watu waufikie kama zamani. Watawa walipoelezwa habari hiyo, kiongozi wao alikunja viganja pamoja kifuani na kuinamisha kichwa.

Limebaki jambo moja gumu. Familia inayotoa fedha inataka kuti mojawapo iwe kubwa zaidi na ibaki yao, wawe wanafikia humo wakija mapumzikoni, na inataka hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la baba wa familia, ambaye si raia wa Tanzania. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?

Mlei wa Dar:

Hilo la kuti usilibebe peke yako. Mpeleke baba wa familia kwa kiongozi wa watawa, na atamweleza kwamba makazi yakishatolewa huwa mali ya Sangha ya pande nne, yaani ya watawa wote waliopo na watakaokuja kutoka upande wowote wa dunia. Hata watawa wanaoishi humo hawana ruhusa ya kuyagawana wala kuyatoa kwa mtu. Wazee wa Kisri Lanka wanalijua jambo hili, na wengi hukumbuka mara moja habari za Anathapindika, tajiri wa Savatthi, aliyetandaza sarafu za dhahabu juu ya shamba la mwana mfalme Jeta ili alinunue na kulitoa, na hatusikii kwamba alijibakizia chumba. Familia ipewe nafasi ya heshima katika jengo la wageni, karibu na lango, na sidhani baba huyo ataona amepunguziwa kitu.

Kuhusu hati, sheria ya ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na makazi ya watawa si uwekezaji. Njia iliyozoeleka kwa taasisi za dini ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kupitia RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hati ikaandikwa kwa jina la bodi hiyo, na wadhamini wakawa ndio wanaotia saini mkataba wako, kuomba kibali cha ujenzi katika halmashauri na kukulipa. Kwa hiyo swali lako la kwanza kabisa sasa lina jibu: mteja wako ni wadhamini. Familia na watawa utawasikiliza wote, lakini ukikamilisha kuti ya kwanza, funguo mkabidhi mdhamini, na kabla ya hapo hakikisha jina la bodi linalingana kwenye hati, kwenye kibali na kwenye mkataba.